Mlango wa Nakshi wa Nyumba ya Kale: Jinsi ya Kuukarabati Bila Kuumaliza

Mlango wa nakshi wa mtiki au mbambakofi unaweza kusimama zaidi ya miaka mia kwenye jua, mvua na upepo wa chumvi, kisha ukamalizwa kwa siku mbili na grenda. Pita vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja au Mji wa Kale wa Mombasa utaiona iliyofanyiwa hivyo: maua yamelambwa mpaka yamebaki vinundu, maandishi ya juu hayasomeki, na juu ya yote imepakwa vanishi nyekundu inayong'aa. Mwenye nyumba alitoa fedha yake halali, na fundi alifanya alichoambiwa, yaani atoe rangi na mlango ung'ae.

Mwongozo huu ni wa yule aliyerithi au kununua nyumba ya kale, yuko katikati ya ukarabati, na anataka mlango ubaki ule ule. Nitakaa zaidi kwenye mlango wa mbele kwa sababu ndio wenye kazi kubwa. Madirisha, milango ya ndani na mbao za roshani zinafuata taratibu hizo hizo, ila ni nyepesi zaidi.

Kabla ya kugusa chochote

Anza na sheria. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaulinda mlango au fremu ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940. Kenya ina kifungu cha namna hiyo katika Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, ila mpaka wake ni mwaka 1946. Kwa hiyo mlango wa babu yako Pangani, Bagamoyo au Lamu si mali ya kuuza na kusafirisha utakavyo, hata kama nyumba ni yako na hati unayo. Unguja, nyumba zilizo ndani ya Mji Mkongwe ziko chini ya Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, na ukarabati unaombewa kibali. Nenda ofisini mapema ukiwa na picha. Mara nyingi huko huko ndiko utakakoelekezwa kwa mafundi wanaojua kazi hii.

Watakuja pia watu watakaokuambia mlango umekwisha, wakuletee mpya wa chuma na huo wa kale wauondoe bure. Usikubali kabla hujaukagua mwenyewe. Mlango ulioliwa miguu tu haujaisha, na huo ndio ugonjwa wa milango tisa kati ya kumi utakayokutana nayo.

La pili ni makubaliano na fundi. Kazi hii ilipwe kwa siku. Fundi aliyepatana kwa mlango mzima ana haki ya kutaka kumaliza haraka, na haraka ndiyo inayoleta grenda. Mwambie tangu mwanzo: "Fundi, hapa hakuna mashine kwenye nakshi. Ukichelewa, siku yako utalipwa." Utaona jinsi mkono wake utakavyotulia.

La tatu ni majira. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mbao zinavimba, mlango unakwama, na kila mtu anataka kuupiga randa. Usiupige. Utakapokauka mwezi wa Agosti utakuwa na mwanya wa kupitisha kidole, na mbao iliyoondoka hairudi. Kipindi kizuri ni kile cha kusi, Juni hadi Septemba. Januari na Februari pia panafaa, ila jua la kaskazi ni kali, na mbao iliyotolewa rangi ikianikwa juani inapasuka. Fanyia kazi kivulini.

Hatua ya kwanza: kuukagua mlango

Simama mbele ya mlango na uutambue vipande vyake, maana fundi na wewe lazima mzungumze lugha moja. Miimo ni ile miti miwili ya fremu iliyosimama kulia na kushoto. Kizingiti cha juu ndicho chenye nakshi nyingi na mara nyingi maandishi. Kizingiti cha chini ni kile unachokivuka. Pande mbili za mlango zinakutana katikati, na mti uliochongwa unaofunika maungio yao ndio mfaa. Umeshikamana na upande mmoja tu, na upande huo ndio unaofungwa kwanza. Halafu kuna vyuma na shaba: misumari yenye vichwa vikubwa, riza (mnyororo wa kufungia mlango), tumbuu (pete ya chuma inayoishika riza), komeo.

Piga picha kila kitu, mbele na nyuma, kwa karibu na kwa mbali, na uweke rula ndani ya picha ili vipimo visomeke baadaye. Ukiweza, chukua chapa ya nakshi: weka karatasi nyepesi juu yake na usugue penseli laini kwa ubavu. Chapa hizi zitakuokoa kwenye hatua ya kuchonga upya.

Kisha chukua bisibisi nyembamba uchokoe polepole kuanzia chini. Mbao nzima inakataa. Mbao iliyooza inapokea ncha bila kelele, na ukiikongoa inatoka vipande vifupi vifupi badala ya nyuzi ndefu. Weka alama ya chaki pale uozo unapoishia. Gonga pia kwa mpini wa nyundo usikilize. Mahali palipoliwa ndani na mchwa panatoa sauti ya mvungu hata kama rangi ya nje ni nzima.

Ujue na mti wenyewe. Mtiki una mafuta mafuta mkononi na harufu yake ukiukwangua. Mvule ni wa kahawia inayokaribia njano, na ndani yake hukutana na vijiwe vyeupe vinavyokula makali ya randa. Mbambakofi, ambao bara wengi wanauita mkongo, ni mzito na ukilowana hutoa rangi ya njano. Mfenesi huanza njano na kuishia kahawia iliyokolea kwa miaka. Kuujua mti si udadisi tu: kiraka lazima kitoke mti ule ule, ama sivyo kitavimba na kunywea kwa kasi yake, na gundi itaachia.

Hatua ya pili: tafuta maji yanakotoka

Hapa ndipo nitakapokaa, kwa sababu kazi yote inayofuata ni bure kama hatua hii imerukwa.

Kuta za nyumba za kale ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Kuta hizi hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa hewani, mchana na usiku. Chokaa inauruhusu upite. Saruji haiuruhusu. Mtu akipiga plasta ya saruji kuzunguka fremu, unyevu uliokuwa ukitokea ukutani unatafuta njia nyingine, na mbao ndiyo njia nyepesi iliyobaki. Miimo inalowana kutoka ndani, mahali usipopaona. Kwa nje utaona rangi imefura, chumvi nyeupe imetokeza pembeni, na baada ya misimu kadhaa ya mvua mguu wa mwimo umekuwa kama sifongo.

Kosa la pili ni sakafu. Kila ukarabati huongeza sakafu kidogo, na barabara ya nje nayo hupanda kila inapotengenezwa. Kizingiti cha chini kilichokuwa juu ya jiwe sasa kimezikwa ndani ya zege, na miguu ya miimo imesimama ndani ya kisahani cha maji.

Fanya hivi. Bomoa saruji kuzunguka fremu kwa upana wa kama kiganja, kwa patasi na nyundo ndogo, ukiuelekeza mkono mbali na mbao. Ondoa zege lililogusa miguu mpaka uone jiwe au udongo wa chini. Acha pakauke, wiki kadhaa kama unaweza. Angalia juu pia: kopo la mvua lililotoboka, baraza linalorudisha maji mlangoni, bomba la kiyoyozi linalodondoka juu ya kizingiti. Hili la kiyoyozi limekuwa la kawaida mno mijini, na tone moja moja la mwaka mzima linaozesha kuliko masika.

Kurudishia, tumia chokaa iliyoloweshwa vizuri na mchanga, kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga. Mchanga uwe wa mtoni au wa shimoni. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi hiyo itaendelea kuvuta unyevu ukutani kwa miaka. Nyunyizia maji plasta ya chokaa kwa siku kadhaa na uifunike kwa gunia bichi ili isikauke kwa pupa ikapasuka. Anayekuambia aongeze "saruji kidogo tu ishike" mkatalie kwa upole.

Hatua ya tatu: kuteremsha mlango

Fremu iache ukutani kila inapowezekana. Kung'oa miimo kunavunja viungo vilivyoshikana tangu siku ya kwanza, na kurudisha fremu iliyopinda ni kazi ngumu kuliko kuitengenezea pale pale. Zinazoshuka ni zile pande mbili.

Mingi ya milango ya kale haina bawaba. Pembe ya nje ya kila upande ina ncha iliyochongwa juu na chini. Ya juu inaingia kwenye tundu la kizingiti cha juu, na ya chini inakaa kwenye tundu la chini. Kwa kawaida unainua upande wote kwenda juu, ncha ya chini inachomoka, kisha unauvuta kwako. Kama haupandi, chunguza kama kuna kipande cha mbao kilichopigiliwa baadaye kuuzuia. Usitumie mtaimbo. Watu wanne wawepo, kwa sababu mlango wa mbao nene una uzito unaoshangaza, na ukimwangukia mtu mguuni utamvunja.

Andika namba nyuma ya kila kipande kwa penseli. Vitu vidogo vyote, hata msumari uliopinda, viingie kwenye mfuko wenye namba ya mahali vilikotoka. Pigilia mbao za muda mlangoni usiku huo huo, nyumba isilale wazi.

Hatua ya nne: kutoa rangi

Chukulia kwamba rangi yoyote ya kale ina madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo na wajawazito. Basi wakae mbali na eneo la kazi mpaka pamesafishwa. Tandika turubai, kwangua rangi ikiwa bichi bichi ili vumbi lisiruke, vaa barakoa ya vumbi ya kweli badala ya kitambaa, na ufagio ukae kando. Futa kwa tambara bichi. Magamba ya rangi yafungwe mfukoni. Na jambo hili nalisema kwa msisitizo: vipande vya mbao zenye rangi ya zamani visipelekwe jikoni kuwa kuni. Moshi wake una sumu, na majivu yake pia.

Kabla ya kutoa rangi yote, fungua kidirisha cha majaribio cha sentimita tano kwa tano kwenye kona isiyoonekana sana. Shuka tabaka moja moja. Utakuta pengine kijani, chini yake kijivu, chini yake tena mafuta meusi yaliyoganda. Ukikutana na nyekundu na nyeusi zilizopakwa kwa mpango ndani ya michoro, simama. Huenda hiyo ndiyo rangi ya asili, hasa kwa kazi za visiwa vya Lamu, na haifai kutolewa, itasafishwa tu.

Kwa nakshi, njia iliyo salama ni dawa ya kutoa rangi iliyo nzito kama uji mzito. Paka nene kwa brashi, funika kwa nailoni isikauke, subiri nusu saa hadi saa nzima, kisha ondoa kwa vijiti vya mianzi ulivyovichonga kwa maumbo tofauti na mswaki wa meno. Vijiti vya mbao laini haviachi alama kwenye mtiki; bisibisi na waya vinaacha. Rudia inapobidi. Mwisho futa kwa tina au spiriti, kulingana na maelekezo ya dawa yenyewe, na vaa glavu ngumu wakati wote. Ni kazi ya taratibu. Siku moja kwa kipande cha futi moja ya nakshi nzito ni mwendo mzuri.

Sehemu bapa, zisizo na nakshi, zinaweza kupigwa hewa ya moto na kukwanguliwa kwa skrepa. Rangi ilainike tu. Ukiona moshi, joto limepita kiasi na unavuta risasi kifuani.

Kuna njia tatu za kukataa kabisa. Grenda nimeshaisema. Magadi makali yanatoa rangi haraka, lakini yanaiunguza mbao ikawa nyeusi na kuacha nyuzi zimesimama, na yakibaki ndani yanasukuma vanishi yoyote utakayopaka. Ya tatu ni kupuliza mchanga kwa mashine: unakula sehemu laini za mti na kuacha ngumu, na mlango unabaki na makunyanzi yasiyoondoka.

Msasa uje mwisho kabisa, namba 120 kisha 180, kwenye bapa tu na kufuata mkondo wa nyuzi. Usitafute weupe wa mbao mpya. Ule weusi wa ndani ya nakshi umekuja kwa miaka na ndio unaofanya maua yaonekane kwa mbali.

Hatua ya tano: mchwa na bungua

Bungua, wadudu wanaotoboa mbao, wanaacha vitundu vya duara vyenye upana wa milimita moja au mbili. Vitundu peke yake si habari. Huenda waliondoka zamani. Tandika karatasi nyeusi chini ya mbao wiki mbili. Ukikuta unga mpya mweupe, wapo.

Dawa ninayoipendelea kwa mbao tupu ni boraksi na asidi ya boriki: gramu 60 za boraksi na gramu 40 za asidi ya boriki kwenye lita moja ya maji ya moto, koroga mpaka iyeyuke. Paka mara mbili tatu mbao iwe imekauka na haina rangi wala mafuta, hasa kwenye vichwa vya mbao na viungo. Mvua inaiosha, kwa hiyo ni lazima baadaye ifunikwe na mafuta. Iweke mbali na watoto na vyombo vya kulia.

Mchwa ni jambo jingine. Ukikuta njia zao za udongo ukutani, kupaka mlango hakutawamaliza, kwa sababu kiota kiko ardhini. Fuata njia hadi mwisho wake na uite mtu wa dawa ashughulikie udongo kabla hujarudishia plasta.

Halafu kuna oili chafu. Karibu kila mtaa utaambiwa upake oili ya gari iliyotumika, mchwa hawatagusa. Oili hiyo ina metali na masalia ya kuungua yasiyofaa kukaa mahali pa kushikwa na mikono ya watoto. Inaifanya mbao nyeusi moja kwa moja, haikauki, inashika vumbi, na hakuna gundi wala vanishi itakayoshika juu yake tena. Kwenye nguzo ya uzio shambani ni uamuzi wako. Kwenye mlango wa nakshi, hapana.

Hatua ya sita: kutibu miguu na viungo

Uozo ukiwa wa juu juu, chini ya sentimita moja, uondoe, kausha, na mara nyingi panatosha kupaka mafuta na kuacha. Shimo dogo lililo wazi hukauka haraka kuliko shimo lililozibwa vibaya.

Mguu uliooza kabisa unakatwa na kuungwa. Kata mpaka kwenye mbao nzima, na mkato uwe wa mshazari, wenye urefu wa mara tatu au nne ya unene wa mwimo, ukielekea nje na chini ili maji yakiupata yatoke. Kipande kipya kiwe cha mti ule ule, kikavu, na kikae ndani ya nyumba hiyo hiyo wiki kadhaa kabla ya kukatwa kizoee hewa yake. Mbao bora ya viraka ni ya zamani: boriti na milango ya ndani iliyoharibika kwenye majengo yanayobomolewa. Kama unahitaji mtiki mpya, yapo mashamba ya serikali kama Longuza wilayani Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro. Nunua kwa muuzaji mwenye risiti na vibali.

Mkondo wa nyuzi za kiraka uende sambamba na wa mwimo. Kabla ya kupaka gundi kwenye mtiki, futa uso kwa spiriti, maana mafuta yake yanaifukuza gundi. Gundi nyeupe ya kawaida ni ya ndani. Mlango wa nje unataka gundi ya sehemu mbili inayochanganywa. Bana kwa klampu, acha siku nzima, kisha pitisha vigingi viwili vya mbao ngumu kukaza. Misumari ya chuma usitumie. Hewa ya bahari inaitia kutu, kutu inafura na kupasua mbao, na chuma kikikutana na maji ya mti kama mkongo kinaacha madoa meusi yasiyotoka. Pakihitajika skrubu, iwe ya shaba, na tundu litobolewe kwanza kwa keekee.

Mguu mpya usirudi kusimama kwenye zege. Uweke juu ya kipande cha jiwe gumu kilichoinuka kidogo kuliko sakafu, na kichwa cha chini cha mbao kipakwe mafuta mpaka kikatae kunywa.

Paneli za katikati zisigundishwe. Zimewekwa ndani ya mifereji zikiwa huru ili zivimbe na kunywea bila kupasuka. Wengi wanaona zinacheza, wanazijaza gundi, na mwaka unaofuata zimepasuka katikati. Zikicheza sana, tia kabari nyembamba nyuma, upande mmoja.

Mafundi wanaorandia mvule au mninga wavae barakoa, vumbi lake linawasha ngozi na kifua.

Hatua ya saba: nakshi zilizokatika

Si kila pengo linahitaji kuzibwa. Petali moja iliyokatika haiuharibu mlango, na pengo la kweli lina heshima kuliko kiraka cha gundi na unga wa mbao kilichobadilika rangi. Ziba palipokatika mstari unaoongoza jicho: ukingo wa mnyororo, kona ya kizingiti, kichwa cha mfaa.

Kwa kuwa miimo ya kulia na kushoto kwa kawaida inafanana, chapa uliyochukua upande mzima inageuzwa na kuwa kielelezo cha upande uliokatika. Mpe mchongaji, si seremala wa vitanda. Lamu na Unguja wapo wanaoifanya kazi hii kila siku, na mchongaji mzuri atakuuliza patasi za zamani zilikuwa na upana gani kabla hajaanza. Mwambie aandike mwaka nyuma ya kila kipande kipya.

Kizingiti chenye aya au jina la Mwenyezi Mungu kina adabu yake. Kisilazwe chini palipokanyagwa, na takataka zake zikusanywe kando. Herufi iliyofifia isikolezwe na mchongaji kwa kukisia; mtafute anayesoma maandishi ya kale, aandike kwanza kwenye karatasi. Mara nyingi pana mwaka wa Hijria hapo. Ukisoma 1300, ni kama 1882 au 1883 Miladia, na umepata tarehe ya nyumba yako bila kumlipa mtu.

Hatua ya nane: shaba

Misumari iliyo imara usiing'oe. Isafishe pale pale: loweka ukwaju upate rojo zito, paka juu ya shaba tu, acha dakika chache, sugua kwa tambara, futa kwa maji safi mara mbili na ukaushe hapo hapo. Ukwaju ukibaki shaba inageuka kijani na mbao inapata doa. Badala ya iliyopotea, tafuta ya shaba iliyoyeyushwa na kumwagwa kwenye kalibu, yenye uzito. Ile ya bati jembamba la rangi ya dhahabu inabonyea kwa kidole. Riza na tumbuu zilizoshika kutu zisuguliwe kwa brashi ya waya mbali na mbao, zipakwe nta, zirudi mahali pake hata kama una kitasa kipya ndani.

Hatua ya tisa: mafuta

Vanishi ngumu inayong'aa si ya mlango unaopigwa na jua. Inakatika kwa mwale wa jua, maji yanaingia chini yake na kunaswa, na baada ya miaka michache unarudi kukwangua. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa yanaingia ndani ya mbao na hayana gamba la kubanduka. Mafuta ya nazi hayakauki. Yataacha mlango unanata na kuvuta vumbi.

Mara ya kwanza changanya mafuta na tapentaini nusu kwa nusu, ili yapenye. Paka, subiri dakika kumi na tano hadi ishirini, kisha futa yote yaliyobaki juu mpaka mkono usinate. Kufuta ndiko wengi wanakokuruka, na ndiyo maana milango yao inaota ukungu masika inapofika. Acha siku mbili. Rudia mara mbili kwa mafuta matupu, nyembamba sana. Mtiki unahitaji kidogo kuliko mbambakofi.

Matambara ya mafuta ya kitani yanaweza kuwaka yenyewe. Yakirundikwa, mafuta yanapokauka yanatoa joto, joto linakosa pa kutokea, na usiku moto unaanza bila kiberiti. Yatandaze moja moja nje kwenye zege au uyazamishe ndoo ya maji. Waeleze mafundi wote, hata anayefagia.

Kwa milango ya ndani, nta ya nyuki inatosha. Yeyusha nta ndani ya chombo kilichowekwa kwenye maji ya moto, iondoe mbali kabisa na jiko, kisha changanya na tapentaini mara mbili yake. Ikipoa inakuwa laini ya kupaka kwa kitambaa.

Hatua ya kumi: kurudisha

Safisha matundu ya ncha, paka nta badala ya grisi, na uurudishe mlango kwa kufuata namba ulizoandika. Acha mwanya wa kama milimita tatu kuzunguka kila upande kama unaurudisha wakati wa kiangazi, kwa ajili ya uvimbe wa masika. Ncha ya chini iliyolika inaongezewa kigingi cha mbao ngumu, kama mkongo, kilichoingizwa ndani na kugundishwa. Mlango ukishuka upande mmoja, chunguza ncha kabla ya kufikiria randa.

Mbao nyingine ndani ya nyumba

Boriti za mkoko darini zinaoza vichwani, ndani ya ukuta, chini ya dari inayovuja. Chokoa pale zinapoingia ukutani. Katikati karibu daima ni nzima. Usizifunike kwa dari ya jipsamu bila kuacha nafasi ya hewa na ya kuchungulia. Roshani ikiwa inatikisika, mwite mhandisi au mtu wa uhifadhi kabla ya seremala, na mtu asisimame juu wala chini yake mpaka amefika.

Utunzaji

Vumbi lifutwe kwa brashi laini kavu. Mlango usioshwe kwa mpira wa maji wala sabuni ya unga. Kila mwaka masika yakiisha na mbao ikishakauka, chokoa miguu kwa bisibisi ile ile, angalia plasta ya chokaa kama imeachana na mwimo, na upake mafuta upande wa chini peke yake, kama futi mbili kutoka ardhini, pamoja na sehemu zilizopauka kwa jua. Sehemu za juu zilizo kivulini zinaweza kungoja miaka mitatu au zaidi. Picha, chapa, na maelezo ya mti na dawa uliyotumia viweke pamoja na hati ya nyumba, ili fundi atakayekuja baada yako ajue ni nini kipya na ni nini cha zamani.